Mtindi umegoma kuganda, kikaratasi cha kuwaka kinaweza kugundua dawa kwenye maziwa?

Mgandishaji: Wakuu, mi nauza mtindi mtaani, juzi lita 40 zimegoma kuganda zimebaki majimaji, na mbegu ya kugandishia ni ileile aliyochukua jirani, yake yakaganda freshi tu. Mzee mmoja kanambia ng'ombe atakuwa kachomwa sindano na mwenyewe kakamua kauza. Sasa nimeona klipu, unachovya kikaratasi unamulika na taa ya kukagulia noti, kikiwaka nyekundu kuna dawa. Ni kweli au kiini macho? Na kwa nini nisimulike maziwa yenyewe?

KipimaMaji: Kweli kabisa mkuu. Vile vinavyowaka nyekundu mara nyingi vina europiamu, madini yaleyale yaliyokuwa yanatoa wekundu kwenye TV za chogo. Peke yake inawaka kwa kufifia mno, ila tetrasaiklini, aina ya antibiotiki wanayochomwa ng'ombe, ikiishika inakuwa kama antena yake, inameza mwanga wa taa inaupitisha kwa europiamu ndo unaona nyekundu. Wengine wanachanganya na chembe za kaboni zinazowaka bluu, dawa ikiwepo bluu inashuka nyekundu inapanda, hapo jicho halihangaiki. Maziwa yenyewe ukimulika yana vitamini B2 inawaka kijani-njano, itakuzingua. Halafu kalisiamu na protini zinaing'ang'ania dawa, maabara wanatia asidi kwanza protini ishuke ndo wanapima maji ya juu, ukichovya mabichi hivihivi usiamini sana.

Bi Chungu: Si uchemshe tu jamani

KipimaMaji: Bi Chungu, kuchemsha kunaua vijidudu, dawa nyingi inabaki

Daktari wa Ng'ombe: Hapo kuna kitu kimesahaulika. Kikaratasi hicho ni cha tetrasaiklini, yaani oksitetrasaiklini (OTC) na ndugu zake, penisilini hakiioni. Na penisilini ndo inabanwa zaidi, Codex, wale wa viwango vya chakula vya kimataifa, wanaruhusu mikrogramu 4 tu kwa lita wakati tetrasaiklini ni 100. Kuna vichupa vyenye bakteria, unatia maziwa unaweka kwenye joto masaa kama matatu, zambarau ikigeuka njano yako salama, ikibaki zambarau bakteria wamezuiwa. Kama mbegu yako tu ilivyogoma. Muulize mwenye ng'ombe alichoma nini.

Mgandishaji: Nimempigia, kazunguka weee mwisho katuma picha ya chupa. Penisilini na streptomaisini. Kumbe kile kikaratasi kingeniambia maziwa safi 😩

Bi Chungu: Na hizo lita 40 anarudisha hela au ndo basi?

Mgandishaji: Hapokei simu tena