Televisheni ya rangi ya zamani imechunwa na wezi wa kopa (shaba): inaokoleka?

RasKazone
Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa televisheni ya rangi, inchi 22, kabati la mbao, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilihifadhiwa stoo hapa Tanga, wezi wa vyuma chakavu wakavunja mlango na kuichuna. Kabati halikuguswa na kioo hakina ufa. Vilivyoondoka ni yoki yote (koili za shingoni zinazoelekeza mwale) pamoja na pete za sumaku zilizokuwa nyuma yake, ile koili kubwa inayozunguka kioo, waya wa umeme, wavu wa kopa uliolazwa mgongoni mwa tyubu (kioo cha picha pamoja na shingo yake), na bapa la alumini lenye transista ya mlalo (inayoendesha mwale kushoto na kulia). Transista imeng'olewa kwa nguvu hadi njia za shaba kwenye bodi zikanyanyuka. Bodi ndogo ya shingoni inaning'inia kwa waya mbili. Flaibeki (transfoma ya volti kubwa ya kioo) ipo, na waya wake mwekundu hadi kwenye kombe la mpira haujakatwa. Shingo nimeipima kwa kalipa, ni milimita 29.

Nitajuaje kama tyubu ni nzima kabla ya kutumia hela? Na yoki ya televisheni nyingine itakubali au lazima iwe ya aina ileile? Lengo ni iwake na itoe picha, siyo kuiweka pambo.

FundiPwani
Pole sana mkuu. Anza na tyubu, maana ikiwa imekufa mengine yote ni kazi bure.

Kabla ya kushika chochote, toa chaji. Tyubu ni kama kondensa kubwa: upande mmoja ni kombe, upande wa pili ni ile rangi nyeusi ya grafati mgongoni. Kwa kuwa wavu wa kopa umeondoka, usifunge klipu kwenye shasisi ukadhani umemaliza. Laza waya mtupu juu ya rangi nyeusi, ushike kwa utepe wa gundi, funga klipu hapo, upande wa pili wa waya uwe kwenye chuma cha bisibisi ndefu, kisha ingiza ncha chini ya kombe. Rudia baada ya dakika kumi, kwa sababu chaji hujirudisha kidogo. Vaa miwani muda wote. Shingo iliyovutwa na wezi inaweza kuwa na ufa usioonekana.

Sasa tazama ndani ya shingo kwa tochi, pale inapoanza kupanuka. Utaona doa la rangi ya fedha linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likiwa bado la fedha, ombwe lipo. Likiwa jeupe kama maziwa au limetoweka, hewa imeingia na tyubu hiyo haina tiba. Mahali panapovunjika mara nyingi ni kile kichuchu cha kioo katikati ya pini, kwa sababu wezi huivuta bodi ya shingoni kwa kuipinda badala ya kuichomoa ikiwa imenyooka.

Doa likiwa zima, pima hita, yaani waya wa kupasha joto ndani ya shingo. Kwenye bodi ya shingoni pini zake huandikwa H au f. Tyubu ikiwa baridi mita isome oma chache tu. Kisha chukua transfoma ndogo ya volti 6 AC yenye uwezo wa ampea 1, unganisha kwenye pini hizo mbili peke yake, zima taa ya chumba. Nukta tatu za rangi ya chungwa zinatakiwa kuonekana ndani ya sekunde kama kumi. Hiyo haithibitishi kwamba kathodi (sehemu zinazotoa mwale) bado zina nguvu, lakini inakupa sababu ya kuendelea.

Bi_Saketi
Naongezea kuhusu yoki, maana hapo ndipo watu wengi huunguza transista tatu nne mfululizo.

Kwanza hakikisha aina ya tyubu. Dondosha tone dogo la maji kwenye kioo, tazama kupitia tone hilo. Ukiona mistari ya wima ya nyekundu, kijani na buluu, bunduki zake (zinazorusha mwale wa kila rangi) zimepangwa kwenye mstari mmoja. Ukiona nukta za duara zilizopangwa pembetatu, ni mfumo wa zamani zaidi, ambao shingo yake huwa milimita 36.5 na una koili nyingine za kusahihisha nyuma ya yoki. Pwani yetu seti za namna hiyo zipo, maana Zanzibar walianza kurusha matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wewe shingo yako ni 29, kwa hiyo natarajia mistari.

Soma lebo ya tyubu. Ikianza na A56, hizo 56 ni sentimita za mshazari, na X mwishoni maana yake rangi. Kama ingekuwa A56-540X ungekuwa na bahati. Yoki za familia hiyo zilitengenezwa kwa kiwango kimoja, inakaa kwenye vituo vyake na haihitaji kabari. Lakini umesema kulikuwa na pete za sumaku nyuma, na zile za 540X sumaku ya kusahihisha imo ndani ya shingo. Kwa hiyo yako ni ya kawaida, itabidi uiseti kwa mkono.

Tafuta televisheni mbovu nzima, usinunue yoki peke yake kwa kilo. Unahitaji pia pete, kabari za mpira, wavu wa kopa, koili ya kioo na plagi zake, na vyote hivyo viko kwenye mwili mmoja. Isitoshe, yoki zilizokatwa waya na kurundikwa kwenye gunia zina chanzo unachokijua mwenyewe. Sharti ni shingo ile ile, pembe ile ile ya tyubu (nyuzi 90 na 110 hazibadilishani) na ukubwa unaokaribiana.

Ukiipata, pima. Koili za mlalo kwenye seti ya rangi ya nyuzi 90 huwa chini ya oma 3. Za wima huwa kubwa zaidi, mara nyingi kati ya 6 na 15. Ukikuta mlalo uko chini ya oma 1, inawezekana umeshika yoki ya televisheni ndogo ya betri ya volti 12; iache. Ukiwa na mita ya henri (kipimo cha koili), pima na andika, kwa sababu henri ndizo zinazoamua. Yoki yenye henri ndogo kuliko ya awali hufupisha muda wa mwale kurudi, pigo la volti kwenye kolekta (mguu mmoja wa transista ya mlalo) linapanda, volti kubwa ya kioo inapanda nayo, picha inakuwa pana na transista inakufa. Yenye henri nyingi hutoa picha nyembamba tu. Ukilazimika kukosea, kosea upande huo.

RasKazone
Asanteni sana. Doa ni la fedha safi na nukta tatu zimewaka. Kioo kina mistari, lebo ni A56, pembe 90. Kuna muuza vyuma chakavu ana televisheni ya A51, nyuzi 90, shingo 29, kioo kimepasuka mbele lakini yoki, pete na koili vipo. Yoki inasoma mlalo oma 2.1, wima oma 13. Niichukue? Na hii transista iliyong'oka niweke ipi?

JembeLaSolda
Chukua. Tofauti ya A51 na A56 utaiona kwenye upana na pembeni, haitaua kitu.

Transista: kama matundu kwenye bapa yalikuwa ya skrubu mbili na kofia ya chuma, uwezekano mkubwa ni BU208A. Lakini angalia kwanza kama bodini kuna dayodi kubwa ya peke yake kati ya kolekta na ardhi. Ikiwepo, weka BU208A. Isipokuwepo, iliyoibwa ilikuwa na dayodi ndani, hivyo weka BU208D. Ukikosea hapo haidumu hata dakika. Bapa kata alumini ya milimita 3, ukubwa usiopungua ule wa zamani. Mwili wa transista hii ndio kolekta, na kolekta hupata pigo la karibu volti 900, kwa hiyo weka mika (kihami chembamba) na pasta, kisha pima kwa mita kwamba mwili haugusani na bapa. Njia zilizonyanyuka usizigandishe kwa gundi ukaziamini. Pitisha waya mzito kutoka mguu wa transista hadi sehemu ya kwanza iliyo imara.

Hapo hapo karibu kuna kondensa ya volti 1600 au 2000, nanofaradi chache. Hii ndiyo inayoamua urefu wa pigo. Ikiwa mguu wake umekatika wakati wa kung'oa bapa na wewe ukawasha, volti itapanda hadi transista na flaibeki viondoke pamoja. Ibadilishe hata kama inaonekana nzima, kwa thamani ile ile.

Wavu wa kopa urudishe kabla ya kuwasha. Uvutwe na springi, ulale barabara kwenye rangi nyeusi, na waya wake uende kwenye ardhi ya bodi ya shingoni. Bila huo, cheche za tyubu hutafuta njia kupitia aisi za rangi.

Bi_Saketi
Kuwasha sasa. Kwenye seti nyingi za umri huo shasisi yenyewe ina umeme, hivyo tumia transfoma ya kutenganisha, 240 kwa 240. Kondensa kubwa ya pawa hufika volti 339 hivi na hubaki nazo baada ya kuzima. Itoe kwa resista ya wati 10, kilo-oma 1, usitumie bisibisi.

Usifunge transista ya mlalo bado. Funga bulbu ya waya ya wati 60 kati ya pointi ya B+ (volti kuu inayolisha saketi ya mlalo) na ardhi, na bulbu ya wati 100 kwa mfululizo kwenye njia ya umeme. Washa, pima B+. Iwe imetulia kwenye namba iliyoandikwa bodini. Ikipanda au ikicheza, tatizo ni pawa, na hapo usiguse kingine. Zipo shasisi ambazo pawa na mlalo ni saketi moja, hizo hazipimiki hivi; utazijua kwa kuwa flaibeki yenyewe ndiyo imeungwa upande wa umeme wa nyumba.

B+ ikiwa sawa, toa bulbu ya 60, funga transista na yoki. Teremsha skrini, ile nobu ya chini kwenye flaibeki, hadi mwisho. Usiwashe hata mara moja bila yoki kuunganishwa: mwale wote unasimama nukta moja katikati na kuchoma fosfa (unga unaong'aa ndani ya kioo) ndani ya sekunde. Ukiona mstari mmoja wa kulala, wima haufanyi kazi, zima upesi. Picha ikiwa kichwa chini, geuza waya mbili za wima. Maandishi yakisomeka kinyume, geuza za mlalo. Zima kwanza, kila mara.

Ili kujua kama yoki imepandisha volti kubwa bila kuwa na kipimo chake, tazama volti ya video, ile ya bodi ya shingoni, kwa kawaida 180 hadi 220. Kwenye seti nyingi inatoka kwenye pigo lile lile la flaibeki. Ikiwa juu ya ilivyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 10, ongeza kidogo ile kondensa ya nanofaradi, kwa hatua ya nusu nanofaradi, hadi ishuke.

FundiPwani
Kuseti rangi, geuza televisheni iangalie mashariki au magharibi na iache iwake dakika 20. Koili ya kioo iwe imeshafungwa, na kioo kisafishwe sumaku. Mabaka ya zambarau pembeni hayasetiki kwa pete. Koili ya A51 itaingia kwenye A56 ukiikunja kidogo isiguse vizuizi. Usiifunge moja kwa moja kwenye umeme, ipite kwenye posista yake (resista inayopunguza umeme ikipata joto), la sivyo inayeyuka.

Zima nyekundu na buluu, bakiza kijani. Legeza skrubu ya yoki, irudishe nyuma hadi kijani kiwe mkanda wa wima. Kwa pete mbili za kwanza weka mkanda katikati, kisha sukuma yoki mbele hadi kijani kijaze kioo chote. Kaza skrubu kwa vidole na robo duara tu, maana hapo ndipo shingo hupasuka. Washa rangi zote na picha ya mistari ya mraba. Pete za pili huleta nyekundu na buluu pamoja, za tatu huzipeleka zote mbili juu ya kijani. Maliza katikati kwanza, ndipo uinamishe yoki juu, chini, kushoto na kulia kwa ajili ya pembeni, na ubane kwa kabari tatu za mpira.

Kwa picha yenyewe, kisimbuzi hakitaingia kwenye tundu la antena moja kwa moja. Tafuta modyuleta ya AV kwenda UHF, yaani kifaa kinachogeuza picha na sauti kuwa mawimbi ya antena. Picha ikija safi na sauti ikivuma tu, badili sauti ya modyuleta kutoka megahezi 5.5 kwenda 6.0.