Kukimbia kilomita 90 kunafanya nini kwenye mishipa ya damu?

KimbiaMoshi: Wakuu habari za jioni. Marathoni za kilomita 42 nishazizoea, sasa najiandaa na Comrades ya Afrika Kusini, ile ya kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90 na mwisho ni masaa 12. Jamaa mmoja wa mazoezini kanishikilia kwamba umbali huo unakakamaza mishipa, eti ni sawa na kuvuta sigara tu. Mzee wangu ana presha kwa hiyo neno limenikaa. Kuna ukweli hapo?

SistaWodini: Hiyo ya sigara mwambie aiache kabisa. Ila si kwamba hakuna kitu. Ndani ya mshipa kuna utando mwembamba mno, damu ikipita kwa kasi utando unatoa naitriki oksaidi inayoulegeza mshipa utanuke (kugundua hilo kuliwapa Wamarekani watatu tuzo ya Nobel mwaka 1998). Kupima wanakufunga mkanda kama ule wa presha, wanabana mkono dakika 5, wakiachia damu inarudi kwa nguvu na altrasaundi inaonyesha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) imetanuka kiasi gani. Wakimbiaji wakipimwa wametoka tu kwenye mbio ndefu sana, mara nyingi inatanuka kidogo kuliko ilivyokuwa kabla. Lakini mtu katoka barabarani masaa kumi, joto na kazi vishaitanua mishipa tayari, itanuke kwenda wapi tena? Sababu nyingine ni mwili unahangaika na misuli iliyochanika. Ukipumzika inarudi, na mazoezi ya kawaida ya kila wiki ndiyo yanayoulinda huo utando.

mzee_wa_lami: Kijana, mimi ile nimeikimbia, nikwambie cha kuogopa. Ukivuka mstari usisimame ghafla! Vigimbi ndivyo vinavyosukuma damu kurudi juu, ukisimama damu inabaki miguuni, presha inashuka, unaenda chini, nimeona watu wazima na afya zao wakianguka hivyo hivyo wakiwa wameshashika medali. Tembea taratibu, ukiona giza lala chali miguu juu. Na usimeze diklofenaki wala ibuprofeni njiani, figo zinapata damu kidogo muda huo na wewe umekauka maji, unaziongezea mzigo. Maji nayo kunywa kwa kiu, ukijijaza kwenye kila meza ya maji chumvi ya damu inashuka na hiyo inaua.

KimbiaMoshi: Shikamoo mzee, asante sana. Sista, na mtu akizikimbia miaka na miaka?

SistaWodini: Hapo ndipo wataalamu bado wanabishana. Wanaume waliokimbia miaka mingi wamekutwa na chokaa nyingi kwenye ateri za moyo kuliko wenzao wasiofanya mazoezi, wengine wanasema mafuta ya kwenye ateri yaliyogeuka chokaa hayapasuki kirahisi, wengine hawakubali. Kwa ujumla wakimbiaji bado wanaishi vizuri. Wewe mwenye mzazi wa presha usisubiri huo ubishi uishe, pima presha asubuhi kabla ya mazoezi siku kadhaa uandike, pima kolestro na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), majibu mpelekee daktari umwambie kabisa kwamba ni kilomita 90. Na ukikimbia ukasikia kifua kinabana au moyo unaruka ruka, toka barabarani hapo hapo hata kama zimebaki kilomita mbili.

mzee_wa_lami: Wa alaikum... marahaba kijana. Hiyo ya kifua ishike sana. Ukishapima njoo nikupe ratiba ya vilima.