Tupeane uzoefu: Ni lini ulijua Mzee Ojwang' si Mjaluo?

JaNyalenda (mwanzilishi wa mada)
Hamjambo wazee kwa vijana. Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Kondele, Kisumu, kijana mmoja akafungua Vitimbi ya zamani, kile kichekesho cha runinga cha Mzee Ojwang', kwenye simu. Tukanyamaza wote, hata mashine ikazimwa. Kijana akauliza, "Huyu ni wa Ugenya ama wa Alego?" Nikamwambia jina lake halisi Benson Wanjau, Mkikuyu. Akakataa katakata.

Simlaumu. Ploti yetu Nyalenda ilikuwa na vyumba kumi na runinga moja, Great Wall ya mwenye nyumba, picha nyeusi na nyeupe. Watoto sakafuni, kina mama kwenye stuli, na kama hujaosha miguu unachungulia dirishani. Baba yangu, fundi wa baiskeli, si mtu wa kucheka ovyo. Lakini Ojwang' akianza tu, "shida" imekuwa "sida", mzee anajipiga mapaja. Alishaamua huyo ni mtu wa kwao Seme. Tena kuna mjomba aliyeapa kwamba walisoma pamoja!

Julai 2015 redio ikatangaza kifo chake, miaka 78, na lile jina la Wanjau. Baba akanipigia simu mbio: "Hebu sikiliza vizuri, labda wamechanganya maiti."

Leteni zenu.

Mtoto wa Relwe, Nakuru
Kwetu Bondeni nyanya yangu alijua toka zamani, na hakumwambia mtu. Runinga ilikuwa ya jirani, Mjaluo. Mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, jirani akahama usiku na vitu vyake, mnajua kwa nini. Aliporudi, miezi kadhaa baadaye, watu walimsalimia kwa mbali. Wa kwanza kuingia kwake alikuwa nyanya, na kigoda chake mkononi. Akasema amekuja kumwona mtoto wa kwao. Jirani akajibu, "Mama, huyu ni wetu." Wakabishana mpaka kipindi kikaisha.

Sangazi
Jina langu la hapa mnaliona. Mimi huyo mzee nilimchukia. Nilipelekwa bweni mbali na Kisumu, darasa la sita, siku ya kwanza nikasema shangazi yangu ndiye aliyenileta. Ulimi wangu ukatoa "sangazi". Darasa zima: "Ojwang' hatari!" Nilibaki na jina hilo miaka miwili. Dholuo haina "sh", ningeitoa wapi?

JaNyalenda
Pole omera. Ila mimi naona kosa ni la waliomwiga. Ojwang' hakuchekesha kwa lafudhi peke yake. Alikuwa na ujanja wake, uoga wake, na namna ya kumtazama Mama Kayai, mkewe wa kwenye kipindi, akishikwa na uongo. Ungemzima sauti bado ungecheka. Hawa wa baadaye walichukua "sida" wakadhani wamemaliza kazi.

Sangazi
Hapo sibishi. Na kusema kweli, likizo nilikuwa namtazama. Kwa siri.

Mwana wa Mbale
Mnamtaja Mama Kayai kwa kupita tu? Mary Khavere, jina la Kiluhya kabisa, na mkampa Ojwang' awe mke wa Kijaluo! Kwa hiyo nyumba nzima ya Wajaluo haikuwa na Mjaluo.

Sisi kijijini, Vihiga, stima haikuwepo. Tulitumia betri ya gari, ninaibeba kwa baiskeli hadi Chavakali kuchajiwa. Betri ikianza kuchoka picha hujikunja kuelekea katikati, pembeni giza. Siku moja Mama Kayai amesimama mlangoni na mwiko, Ojwang' yuko chini ya meza, picha inazidi kuwa ndogo, tunasogea, tunasogea, mpaka vichwa vinagongana. Halafu kimya. Baba akaninyoshea kidole, eti nilienda kucheza mpira badala ya kungoja betri ijae.

Hadi leo sijui kama alipigwa.