Ushauri: Desemba 9 napanda Kilimanjaro na sijawahi kupanda mlima wowote

Binti Mbagala: Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri kwa waliowahi kupanda Kilimanjaro. Ofisini tumeunda kundi, tunataka sikukuu ya Uhuru itukute kileleni, pale alipousimika mwenge Alexander Nyirenda mwaka 1961. Mimi mlima nimeuona kwa dirisha la basi tu. Ni siku 6, tunapandia njia ya Machame na kuna usiku mmoja wa kulala Horombo kwenye vibanda. Je, buti ninunue mpya au nikakodi Moshi? Na hivi vidonge vya Diamox vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, mtu anayemeza dawa zake nyingine kila siku anaruhusiwa kuvitumia? Nusu ya hela nimeshalipa na hairudi. Usingizi sipati.

Kichwa Ngumu: Buti mpya usizivalie mlimani, zitakumenya visigino. Nenda soko la Memorial pale Moshi, mitumba ya buti ipo ya kumwaga, ila nenda mapema uzizoee. Kucha kata fupi. Kupanda watu wanakuogopa bure, anayetesa ni mteremko wa Mweka, njia ya kushukia, vidole vinagonga mbele ya kiatu kutwa nzima.

Mzee wa Usa River: Binti yangu, anza na Mlima Meru. Watu wanaudharau kwa sababu ni mita 4,562, mimi ulinitoa machozi. Kuanzia geti la Momella unaongozana na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Ile alfajiri ya kutoka vibanda vya Saddle kwenda kileleni, ukifika Rhino Point ni mwamba mtupu na giza, upande mmoja shimo la volkano. Mama watoto aligoma palepale, akakaa chini, askari akamsubiri mpaka akakubali kurudi. Nikafika kileleni bila yeye, na neno hilo bado linajadiliwa nyumbani kwangu.

Wa Nanyuki: Huku kwetu, Mlima Kenya, watu wengi wanaishia kilele cha Point Lenana, mita 4,985, na hata hapo nimeona vijana wa gym wakibebwa. Misuli haisaidii kitu kama umepanda haraka. Siku 6 ni chache, dada. Ongeza moja mlale kambi ya Karanga.

Mama Wawili: Mbona wote mnajibu habari za buti? Dada, dawa gani hiyo unayomeza kila siku?

Binti Mbagala: Za kawaida tu, dada yangu. Foliki na nyingine.

Mama Wawili: Nyingine ipi?

Binti Mbagala: Haidroksiurea. Haya, nina selimundu. SS, yaani mgonjwa kamili, siyo AS anayebeba kinasaba kimoja tu. Lakini naomba mnielewe kabla ya kunisema. Muda mrefu sijalazwa. Nakunywa maji, nafanya mazoezi ya ngazi, najijua. Kwenye fomu ya afya nimeandika sina tatizo, kwa sababu ningeandika ukweli wangenitoa siku hiyohiyo. Tangu shule ya msingi nimekaa chini ya mti wenzangu wakikimbia. Safari hii nilitaka niende.

Mtumishi: Mwili umepewa kwa dhamana, dada. Na kusaini uongo kwenye fomu ni dhambi mbele ya Mungu, hata ukifika salama.

Nesi wa Zamu: Mtumishi, muache kwanza. Dada, nafanya kazi kliniki ya selimundu, nisikilize. Kileleni ni mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni unayoipata Dar. Chembe zako za damu zikikosa oksijeni zinapinda, zinaziba mishipa midogo. Baridi inachochea, kukaukiwa maji kunachochea, kuchoka kunachochea, na mlima unavileta vyote usiku mmoja. Hata wenye AS, ambao maisha yao yote hawajaumwa, wapo walioharibikiwa bandama huko juu. Diamox nayo inakojoza, na inabadilisha hali ya damu kwa namna isiyomfaa mtu wa SS. Usiimeze kwa ushauri wa mtu yeyote humu, mimi nikiwemo. Mazoezi ya ngazi ni mazuri, ila hayageuzi chembe.

Mgumu Mstaafu: Nimebeba mizigo mlima ule ujana wangu wote, na hapa kuna jambo haliniingii. Anayepandia Machame halali Horombo. Anapita Shira, anapanda Lava Tower, anashuka kulala Barranco, halafu kambi ya Barafu. Kushuka ni Mweka. Vibanda vya Horombo ni njia ya Marangu. Huyu anaongelea mlima gani?

Pilipili Kichaa: CHAI! Nilishangaa tangu mwanzo. Mtu wa SS ajitie Kilimanjaro? Kesho atakuja na namba ya kuchangia matibabu. Leteni vitafunwa.

Kichwa Ngumu: Duh, na mimi nimempa ushauri wa kucha.

Binti Mbagala: Mnaniumiza. Mwanzoni kundi lilichagua Marangu, vibanda vikakosa nafasi wiki ya sikukuu, wakahamia Machame. Mimi nilisoma ratiba ya kwanza, ya pili sijaifungua. Sijaomba shilingi ya mtu. Kadi ya kliniki siiweki hapa, ina jina langu.

Nesi wa Zamu: Mimi namwamini. Anayetunga angeanza na selimundu ili ahurumiwe, huyu tumemvuta ulimi. Na kama ametunga, yupo mwingine anayesoma ambaye fomu yake ni ya kweli.

Mgumu Mstaafu: Sawa, kama ratiba ilibadilika naelewa. Basi nikwambie la upande wetu, mwanangu. Ukizidiwa pale juu ya Barafu saa nane za usiku, helikopta haiji gizani. Watakushusha wagumu, yaani wabeba mizigo, kwa machela, kwenye mawe, wengine hawajala tangu jioni. Mwongozo atakutibu kama mgonjwa wa mwinuko kwa sababu ya hiyo fomu. Hajui kuna kingine. Hapo ndipo umemfunga macho.

Binti Mbagala: Hilo la mwongozo sikuliwaza. Na kama nikifanya matembezi yangu peke yangu ya siku moja, niingilie njia ya Marangu niishie vibanda vya Mandara? Nimesoma ni mita 2,720.

Nesi wa Zamu: Hata 2,720 si pa kuchezea kwa SS. Mpelekee swali hilo daktari wako wa damu, na vipimo vya karibuni mkononi. Akikataa, amekataa. Fomu irekebishe kesho asubuhi kabla ya lolote.

Binti Mbagala: Nikiirekebisha, si watanitoa kabisa hata hiyo Mandara?

Mgumu Mstaafu: Mandara watu wanaenda na kurudi siku hiyohiyo na mwongozo wao, hakuna wa kumkimbiza mwenzake. Daktari akiruhusu, ongea na kampuni mapema wakupe mwongozo wa peke yako, na umweleze yote kabla hamjavuka geti.