Mita ya gesi kazini inanisumbua, naombeni ushauri

Zamu ya Usiku: Habari wadau. Niko kiwanda cha ngozi hapa Nakuru. Mita ya ukutani karibu na shimo la maji machafu inalia ovyo. Kihisi kimeisha? Kesho natakiwa kutia saini fomu kwamba imepimwa.

Fundi Kiamunyi: Gesi gani? Inasoma ngapi? Vihisi hivi huishi miaka 2 au 3. Gesi ikigusa elektrodi ndani, unatoka umeme kidogo sana, na huo ndio mita inausoma. Kikizeeka, mara nyingi hunyamaza tu.

Zamu ya Usiku: Haidrojeni salfaidi, ile gesi ya sumu inayonuka mayai yaliyooza. Juzi ilifika 14 ppm (sehemu 14 kwa milioni ya hewa) ikashuka.

Nyar Kisumo: Umenikumbusha kiwanda cha samaki. Bomba la amonia lilipasuka kwenye chumba cha barafu, tukatoka mbio na leso mbichi puani. Macho yaliniwasha siku mbili.

Mama Wawili: Pole dada. Na wewe kijana, kazi hutafutwa, roho haitafutwi.

Fundi Kiamunyi: Zamu, sasa hivi inalia?

Zamu ya Usiku: Hapana. Niliziba tundu lake kwa utepe wiki 3 zilizopita. Msimamizi alisema kazi inakatika kila mara. Lakini nina pua, nikisikia mayai yaliyooza natoka.

Fundi Kiamunyi: Pua itakuponza! Ikikaribia 100 ppm hufa ganzi, unadhani hewa imesafika. Maji ya salfaidi ya kunyonyolea manyoya yakikutana na asidi mle shimoni, gesi inafumuka ghafla.

Msema Kweli: Ngoja. Utepe una wiki 3, na juzi mita ikasoma 14? Umeitunga hii.

Nyar Kisumo: Kweli, hata mimi nimeshtuka.

Zamu ya Usiku: Sijatunga. Ile 14 ni ya mita ndogo ya mfukoni, nilipoishusha shimoni kwa kamba. Niliishusha baada ya mwenzangu kuinama pale na kuanguka. Tulimvuta kwa miguu. Yuko kwao, kichwa kinamuuma. Sikutaka kumtaja, ni kibarua, watamfuta. Na mimi nina karo ya watoto watatu. Nikitia saini mara hii moja, nitaagiza kihisi kipya mwisho wa mwezi.

Msema Kweli: Nisamehe ndugu. Mpeleke hospitali leo.

Fundi Kiamunyi: Usitie saini. Toa utepe, ijaribuni kwa gesi ya majaribio, na msiiweke sifuri, yaani kuiambia hewa hii ni safi, karibu na shimo, itasoma chini ya ukweli. Mwandikie msimamizi ubaki na nakala. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kuwarudisha penye hatari kubwa kabla hajairekebisha. Usiku huu nani yuko ndani?

Zamu ya Usiku: Wawili. Nawapigia.

Mama Wawili: Wameshika?

Zamu ya Usiku: Mmoja ameshika. Nimemwambia watoke wote, wakae langoni. Nachukua boda naenda.