Wakili wetu wa Chake agombee Ubunge au Uwakilishi?

Assalaam alaykum jamaa. Wakili mmoja hapa Chake Chake, jina naliacha, anataka Ubunge. Mimi nasema kakosea njia, agombee Baraza la Wawakilishi la Zanzibar.

Juzi nimekaa asubuhi nzima kwenye benchi la ofisi yake. Walionitangulia wote ni mashamba: mmoja kashika karatasi ya eka tatu, imekunjwa mpaka imetoboka, mwengine anadai mikarafuu sita iliyomo ndani ya shamba la ami yake. Kwetu mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe. Utaalamu huo anaupeleka Dodoma akaufanyie nini? Ardhi si jambo la Muungano, Zanzibar tunajiamulia wenyewe. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ni ya Baraza, na ikibadilishwa itabadilishwa Chukwani, Baraza linakokaa. Bungeni ardhi ikijadiliwa atasikiliza habari za Morogoro, na posho anachukua.

Wa Wete:
Hapo umeruka, kaka. Kesi ya hiyo mikarafuu ikitoka Mahkama Kuu inapanda Mahkama ya Rufani, na hiyo ni ya Muungano. Polisi pia, uraia pia, mikopo ya nje pia. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964, leo 22. Yalipokuwa yakiongezeka, nani wetu alisimama? 2014 kwenye Bunge Maalumu la Katiba, Othman Masoud, Mwanasheria Mkuu wetu, alizikataa baadhi ya ibara za katiba iliyopendekezwa kwa kura ya wazi. Mtu asiyejua sheria angeanzia wapi?

Mimi tena:
Othman Masoud nakupa, ami. Ila mwaka ule ule akavuliwa cheo, mpaka 2021 ndipo akaja kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Na kule Bunge Maalumu hakwenda kwa kura za jimbo. Halafu soma kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar: sheria ya Bunge haitumiki huku mpaka iwe ya jambo la Muungano na ipelekwe mbele ya Baraza. Hapo ndipo pa kumweka mtu anayesoma mpaka herufi ndogo.

Bibi wa Konde:
Wanangu, nyinyi mwagombania kiti. Faili langu liko kwake mwaka wa tatu sasa. Akenda Dodoma, akenda Chukwani, Jumatatu nani atasimama na mimi mahkamani?