Waifai ya laptop inakatika: nibadili kadi ya ndani au nichukue kidude cha USB?

Mfukunyuku: Wakuu salaam. Laptop yangu nikikaa sebuleni karibu na ruta inakamata vizuri tu, nikiingia chumbani inabaki kistari kimoja halafu inakata, na simu palepale kitandani inapiga mzigo bila shida. Draiva nimefuta nikaweka upya, wapi. Fundi anasema kadi imekufa tubadili, jirani anasema achana naye, nunua kidude cha USB uchomeke maisha yaendelee. Kipi bora?

Dada_Koda: Mi natumia cha USB mwaka wa 2 sasa. Hufungui kitu, kikifa unachomeka kingine. Ila vile vidogo kama ukucha antena yake hamna kitu, chumbani utapata hayohayo. Chukua chenye antena ya nje na kishike 5 GHz pia (waifai ina masafa mawili, 2.4 na 5 GHz), vya bei chee vingi ni 2.4 tu. Na usikiweke ubavuni mwa diski ya USB 3.0, inakivuruga hiyo 2.4, niliteseka wiki nzima nikidhani ni ruta.

fundi_mchovu: Kadi ya ndani ndo mpango mzima, haili tundu la USB na Bluetooth unapata humohumo. Lakini angalia aina ya tundu la kadi kwanza, laptop za zamani ni mini PCIe, za sasa M.2, haziingiliani. Kwa M.2, kadi ya AX210 ya Intel inakubali mashine nyingi, AX201 usinunue kichwakichwa, inataka ubao mama wa Intel unaoipokea. Halafu kuna laptop za zamani BIOS yake (programu ya kuwashia mashine) ikiona kadi isiyoijua inagoma kuwaka kabisa.

pwani_tu: Jamani mbona mnamkimbiza dukani? Simu si inakamata? Kama ni Android ichomeke kwa waya, ikiwa kwenye waifai hivyohivyo washa kushea intaneti kwa USB. Bure, bando haliguswi. Simu inapata moto kidogo tu.

fundi_mchovu: @pwani_tu hiyo ya kuvukia siku. @Mfukunyuku tatizo lilianza lini, ilishafunguliwa?

Mfukunyuku: Kama mwezi hivi, baada ya kuwekewa SSD, ile diski ya kasi.

fundi_mchovu: Ehee! Usinunue kitu. Kadi ina vijiwaya viwili vya antena, kwa kawaida cheusi na cheupe, vichwa vyake vidogo kama punje ya mtama. Kikichomoka, karibu na ruta huoni tofauti, ukisogea tu kwisha habari. Zima, chomoa betri, kiweke kichwa sawasawa juu ya tundu lake ubonyeze mpaka kilie tik. Usilazimishe, ukikipinda ndo utanunua kadi kweli.

Mfukunyuku: Mkuu we mchawi. Cheusi kilikuwa kimelala zake pembeni ya feni. Nimekibana mara ya tatu ndo kikakubali, mikono inatetemeka utadhani nategua bomu. Sasa hivi naandika kitandani, vistari vitatu. Shida ni fundi, kashanipigia mara mbili anataka advansi ya kadi.

Dada_Koda: Mwambie aje nayo, afungie hapohapo mbele yako 😂